Wairimu Hana Pesa Yangu

Kwako Wangeci, binti yangu na mama mkwe wangu,

Usikunje uso. Najua hupendi nikuite hivyo, lakini baba yako alikupa jina la mama yake, na mimi nifanyeje? Tangu ukiwa mchanga nimekuogopa kidogo, vile mke anavyomwogopa mama wa mume wake. Na miezi hii yote ambayo umekaa ndani ya nyumba hii ukiniambia "ndiyo" na "hapana" na "maji yamechemka" tu, nimekuogopa zaidi.

Kesho lori la yule mzungu litakuchukua pale mjini Nyeri, ukaanze kazi ya yaya huko Nanyuki. Mambo ya nepi na maziwa ya mtoto sitakuandikia. Mama mwenye nyumba atakuonyesha, tena atakuonyesha kwa kelele, na wewe unashika mambo upesi. Wala sitakuandikia habari za wanaume, maana shangazi yako amekuambia hayo jana kule mtoni mpaka mkasahau kuteka maji. Nataka kukuandikia juu ya rafiki yangu Wairimu na zile shilingi mia moja na ishirini. Hizo ndizo zinazokupeleka Nanyuki kulea mtoto wa watu badala ya kukupeleka shule, na wewe hujaniuliza juu yake hata siku moja. Ungeniuliza ningekujibu. Hata ungenitukana ningekujibu.

Kusema kwa mdomo humu ndani hatuwezi. Nyumba hizi tulizijenga mbiombio, homgadi, wale askari wa serikali, wakitusimamia kichwani, na sasa jirani akikohoa mimi najua kama ni kikohozi cha moshi au cha homa. Naye akisikia neno "pesa" likitoka kinywani mwangu, wewe mwenyewe uliona lilitufikisha wapi. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika na yule mwalimu wa kanisani aliyetoka upande wa magharibi, ambaye Kikuyu chake hakikutosha hata kuombea maji ya kunywa. Kwa hivyo makosa ukiyaona ni yake. Barua nitakupa mkononi asubuhi. Usiisome ndani ya lori, na ukishaisoma itie motoni.

Wewe umemjua Wairimu kama mwanamke aliyekula ada yako. Mimi nilimjua tukiwa wasichana kule Tetu, tukienda kuni pamoja. Alikuwa mchokozi huyo, wee! Akikuona umebeba mzigo mkubwa kuliko wake, anakuchekesha makusudi mpaka unaumwaga wote. Tuliolewa msimu mmoja, yeye ng'ambo ya mto na mimi ng'ambo hii. Baba yako alipokufa na kifua, mimi nikiwa na mimba ya ndugu yako Gathogo, Wairimu ndiye aliyeniletea kuni tangu mazishi mpaka mtoto akaota meno. Hakuna aliyemtuma. Asubuhi nilisikia tu mzigo ukianguka nje, puu, nikajua leo nitapika. Hukumbuki, ulikuwa mdogo, lakini moto uliokuwa ukiota ulikuwa wake.

Sasa ile pesa. Unajua ilitoka kwa mtamba wetu. Iliposemekana kwamba watu wote watahamishwa wakae vijiji vya pamoja, mimi nilijiambia ng'ombe hatakuwa na pa kulala, na afadhali awe shule ya mtoto kuliko awe nyama ya homgadi. Nikamuuza mapema kwa mwenye bucha mjini kabla bei haijaanguka. Nilijisifu sana siku ile. Barua ya shule ya misheni ilikuwa imefika, nafasi yako ipo, tunangoja Januari tu. Nilitembea njia yote kutoka Nyeri hadi nyumbani nikishika pesa kifuani, nikijiona mwanamke mwenye akili kuliko wote.

Wairimu alikuja asubuhi moja kabla sijawasha moto, matope mpaka magotini. Alisimama mlangoni, akakataa kuketi.

"Mama Wangeci, wamemchukua Gachanja."

Gachanja ni mume wake. Walikuwa wamekusanywa uwanjani kwa ule mchujo wa kuwatafuta wanaosaidia wapiganaji wa msituni, wanaume wote wa upande wao wakipita mmoja mmoja mbele ya mtu aliyevikwa gunia mwili mzima, macho tu yakionekana kwenye matundu. Gachanja alipopita, gunia likatikisa kichwa. Basi. Kutikisa kichwa tu, na mtu amekuwa mbaya.

"Kuna karani anasema jina linaweza kutoka kabla lori haijaondoka," Wairimu akasema. "Lakini anataka mkono wake ujazwe. Mimi niko na nini? Nitarudisha nikiuza magome ya ile miti yangu ya miwati. Haki ya Mungu, Mama Wangeci, nitarudisha."

Niliingiza mkono kwenye pembe ya kitanda nikampa zote. Sikumwuliza lini. Sikumwambia ni za shule yako, ingawa alijua, maana nilikuwa nimejigamba kwake. Nilimwambia tu, "Nenda kwanza." Hayo ndiyo yote tuliyosema juu ya deni lile. Akakimbia.

Na lori liliondoka na Gachanja ndani yake, kwenda kambi ya wafungwa. Karani alichukua pesa, na baada ya majuma machache akahamishwa kwenda kituo kingine. Wairimu alibaki bila mume na bila senti, na mimi nilibaki bila ada. Tukahamishwa, wao kijiji chao kule ng'ambo, sisi hiki chetu. Hapo ndipo nilipoanza kwenda kudai.

Aka, kudai! Utacheka ukisikia nilivyodai. Wewe unajua kwetu mwanamke haendi kwa mwenzake mikono mitupu, na mwenzake harudishi kiondo kitupu. Mama yangu alinifundisha kwamba ukitaka chako kwa rafiki, usikitaje. Mpelekee kitu kwenye kiondo, zungumzeni habari nyingine, na yeye akikurudishia kiondo ataweka ndani kile anachoweza. Hivyo hakuna mtu atakayeaibika. Yeye alidai hivyo maisha yake yote na hakuna mtu aliyemkatalia. Lakini mama alidai nyakati ambazo watu walikuwa na kitu cha kuweka kwenye kiondo.

Kwanza nilihitaji pasi ya kuvuka mto. Pasi hupewa kwa ugonjwa au kwa msiba, na deni si ugonjwa. Kwa hivyo nilimwambia hedimani, mkuu wetu wa kijiji, kwamba Wairimu ni mgonjwa.

"Mgonjwa wa nini?"

"Tumbo."

Ikabidi nipike uji wa mgonjwa niubebe, na homgadi mmoja akanisindikiza mpaka mlangoni kwa Wairimu kuhakikisha. Wairimu alikuwa mzima, anapepeta maharagwe. Nikamkonyeza. Akajitupa kitandani pale pale akaanza kugumia, "Ui! Ui! Tumbo yangu!" mpaka homgadi mwenyewe akaona haya akatoka nje. Halafu akaketi akaumaliza uji wangu wote, na sisi wawili tulicheka kwa kuziba midomo na leso zetu. Ndiyo, nilicheka. Nilikuwa nimekwenda kudai ada yako, nikakaa pale nikicheka.

Wakati wa kuondoka alinirudishia kiondo. Nilivuka daraja, nikapita kizuizi, na nilipofika mahali ambapo hakuna mtu niliingiza mkono mpaka chini. Ndizi mbivu. Mara ya pili nilimpelekea unga, nikakuta maharagwe. Mara nyingine sukari, nikakuta viazi vitamu. Kila mara nilipapasa chini kabisa, chini ya viazi, nikitafuta noti iliyokunjwa. Mwishoni nilimpelekea kuku. Unamkumbuka yule jogoo mwekundu? Ulipouliza nikakuambia amechukuliwa na mwewe. Mwewe nilikuwa mimi, mwanangu, na nilirudi na kabichi moja.

Utasema, si ungemwambia tu waziwazi? Ningemwambiaje? Kila nilipofika nilimkuta amekonda zaidi. Mbuzi wake walichukuliwa na homgadi, miwati hakuruhusiwa kwenda kuikata kwa sababu ilikuwa karibu na msitu. Nilikuwa natoka hapa nimejaa maneno, nayapanga njiani moja baada ya jingine, na nikimwona uso maneno yote yanakwisha. Nilirudi nikijikasirikia, kisha nikiwakasirikia ninyi watoto kwa vitu vidogo. Ule mwiko niliokupiga nao kwa sababu ya chumvi, haukuwa wa chumvi.

Halafu ikaja ile siku uliporudi kutoka misheni ukasema nafasi yako itapewa msichana mwingine Jumatatu kama pesa haijafika. Ulisema kwa sauti ndogo, hukulia. Afadhali ungelia. Usiku ule sikulala, na asubuhi tukatolewa kwenda kuchimba handaki kando ya msitu, wanawake wa vijiji vyote viwili pamoja. Nilimwona Wairimu mbele kwenye mstari. Nikajisogeza kidogo kidogo na jembe langu mpaka nikawa ubavuni mwake, na nikafanya jambo ambalo mama yangu hangelifanya.

"Wairimu, nisikilize. Niko na shida."

"Nani hana shida, Mama Wangeci?"

"Shule wanataka pesa Jumatatu. Wanampatia mtu mwingine nafasi ya mtoto."

Hakuinua macho. "Ati Jumatatu?"

"Nipe hata nusu. Nipe hata robo, niwaonyeshe."

"Niangalie," akasema. "Niangalie mimi. Niko na nini?"

Nilimwangalia. Alikuwa na gauni moja lililopasuka bega. Na badala ya kumwonea huruma damu ilinichemka, kwa sababu nilijua amesema kweli, na ukweli wake ulikuwa unakuua wewe. Sauti ikanitoka, Wangeci. Sikuituma.

"Nilikupa pesa, Wairimu! Pesa yangu iko wapi? Nataka pesa yangu!"

Majembe yalisimama mstari mzima.

Njogu alikuwa juu yetu pale ukingoni na bunduki yake. Unamjua Njogu, mtoto wa jirani yetu wa zamani, niliyewahi kumbeba mgongoni mama yake akiwa shambani. Alishuka. "Pesa gani hiyo?" akauliza. "Nyinyi wamama, mnapeana pesa ya nini?"

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Siku zile pesa ikitoka kwa mwanamke mmoja kwenda kwa mwingine, kwa homgadi ilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, msituni. Watu walikuwa wamechukuliwa kwa shilingi mbili. Na mimi nilikuwa nimepiga kelele mbele ya vijiji viwili kwamba nilimpa Wairimu pesa.

Walituingiza ndani ya posti, ile kambi ya homgadi, tukavuka lile daraja la mbao juu ya shimo la miti iliyochongwa. Hedimani alikuwa ameketi kwenye kiti anakula muhindi wa kuchoma. Alimwuliza Wairimu kwanza.

"Huyu anasema alikupa pesa. Ilikuwa ya nini?"

Nilimtazama Wairimu. Akisema ni ya karani, amemshtaki mtu wa serikali, na mume wake yuko mikononi mwa serikali hiyo hiyo. Akisema ni ya msitu, tumekwisha sote. Yeye alitazama sakafu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya viazi, "Hakuna pesa. Huyu ni mjane, amechanganyikiwa na njaa. Anaita kila mtu ati ako na pesa yake."

Hedimani akageuka kwangu. Alikuwa bado anatafuna. "Ni kweli?"

Kwa muda mfupi nilimchukia Wairimu vile sijawahi kumchukia mtu. Amesimama pale anakula pesa yangu mara ya pili, tena ananiita mwendawazimu. Nilitaka kusema anadanganya. Neno lilikuwa hapa kwenye ulimi. Kisha nikawaona wewe na Gathogo mmeketi ndani ya nyumba mkiningoja na moto haujawashwa, na hakuna mtu mwingine duniani wa kuja kuuwasha.

"Ni kweli," nikasema. "Kichwa yangu si sawa siku hizi."

Hedimani alicheka. Lakini hakuridhika kutucheka peke yake. Alisema uvumi wa pesa umeshaenea handakini, na asubuhi nitasimama kwenye baraza niseme mbele ya watu wote, ili kusiwe na maneno ya michango. Na hayo mengine uliyaona kwa macho yako. Ulikuwa umesimama na wasichana wenzako upande wa kushoto. Nilisimama juu ya lile sanduku nikasema, "Wairimu hana pesa yangu. Sikumpa kitu." Hedimani akasema sijasikika, rudia. Nikarudia. Mara ya tatu nilikutazama wewe, na wewe ukageuza uso. Tangu siku ile hujaurudisha.

Jumatatu ikafika, ikapita. Nafasi ikaenda kwa msichana mwingine.

Nataka ujue jambo moja ambalo hukuliona kutoka pale uliposimama. Kwetu mtu akisimama mbele ya watu akasema hamdai fulani, basi hamdai. Sikusema tu kwa ajili ya hedimani. Wazee walikuwa pale, wanawake wa rika langu walikuwa pale. Kama serikali ingeondoka kesho na mambo yote yakarudi kama zamani, nisingeweza kumpeleka Wairimu mbele ya baraza lolote la wazee. Wangeniuliza, si ulisema mwenyewe, mara tatu? Deni lile nililizika kwa mdomo wangu. Na mpaka leo, Wangeci, sijui kama Wairimu siku ile aliniokoa au aliniibia. Nimelifikiria nikipalilia, nimelifikiria kanisani wakati wa sala, Mungu anisamehe. Siku nyingine naona hivi, siku nyingine naona vile. Yeye mwenyewe hajawahi kusema neno. Tuliongezewa siku za handaki sisi wawili kama adhabu, tukachimba bega kwa bega, na mchana alikata kiazi chake akanipa nusu. Nilikipokea. Nilikuwa na njaa.

Siku hizi kumelegea kidogo, pasi zinapatikana, na Wairimu anauza nduma sokoni. Gachanja alirudi msimu wa mvua uliopita. Umemwona alivyo. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akanishukuru kwa kumtembelea mke wake alipokuwa "mgonjwa". Hajui chochote. Ningemwambia nini? Nikimwambia kwamba mke wake alitoa pesa zangu bure kumwokoa, naye akaenda vilevile, nitakuwa nimepata nini? Majuzi nilipita kwao nikaona blanketi jipya limeanikwa. Nilisimama barabarani kabisa, nikaanza kulipigia hesabu, hili ni la shilingi ngapi, na mimi je, na mtoto wangu je. Kisha Gachanja akatoka ndani akikohoa, akalivuta lile blanketi akajifunika mabegani juani, saa sita ya mchana, anatetemeka. Nikaenda zangu. Nilikasirika mpaka nyumbani, lakini sikujua nimemkasirikia nani.

Kila siku ya soko Wairimu ananiita, "Mama Wangeci, kuja!" na ananitilia nduma kwenye kiondo bila kupima. Labda ndiyo malipo yake. Labda ni ujirani tu. Siwezi kuuliza. Mara ya kwanza nilipozipika uliisukuma ile sahani ukaniambia, "Mimi siwezi kula ada yangu ya shule." Gathogo alicheka kwa sababu ni mtoto. Mimi nilizila zote kwa hasira.

Huko Nanyuki utapokea mshahara, na watu watajua siku ya mshahara wako kabla yako. Wapishi watajua, watunza bustani, wasichana wenzako. Mmoja atakuja amesimama mlangoni na amekataa kuketi. Mama mwingine angekuandikia, mwanangu, usikopeshe mtu kamwe. Nimejaribu kuyaandika hayo mara mbili na nimeyafuta, kwa sababu ni uongo. Wairimu akija kesho na matope magotini, sijui kama ningemnyima. Naogopa nisingemnyima. Kitu kimoja tu ndicho ningekifanya tofauti: ningelitaja deni siku ile ile, angali mlangoni. Ningemwambia, hizi ni za shule ya Wangeci, nazitaka kabla ya Januari, umesikia? Angeumia kidogo, nami ningeumia kidogo, lakini lingekuwa limesemwa. Pengine hata hivyo lori lingeondoka. Pengine nisingepata senti. Ndiyo maana nasema sina la kukufundisha. Nimekaa hapa nikitafuta funzo la kukupa na sioni.

Sasa nifike kule nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo. Nimezunguka sana, utanisamehe. Haya yote ya Wairimu ni kweli na nilitaka uyajue, lakini siyo yaliyonifanya nitafute karatasi.

Gathogo amepita mtihani wake wa darasa la nne. Hajakuambia kwa sababu nilimkataza, naye amekaa nalo siku zote hizi, maskini, analipasukia. Mwalimu amemwombea nafasi ya kuendelea, na wanataka ada mwezi wa kwanza. Mimi sina mtamba mwingine. Kuku wamebaki wawili na mmoja ni mgonjwa. Nimewaza kila mtu ninayemjua, mpaka nikamwaza Wairimu, ebu fikiria, nikacheka peke yangu.

Wangeci, naomba unikopeshe mshahara wako wa miezi miwili ya kwanza.

Nimeandika kukopesha. Sijaandika kusaidia nyumbani, wala kumkumbuka ndugu yako, wala maneno mengine yale ambayo akina mama tunayasema ili mtoto ashindwe kukataa. Ni deni, na ninalitaja. Lakini ukiniuliza nitakulipa lini, sijui. Ukiniuliza nitakulipa kwa kitu gani, sijui pia. Nakuomba pesa wewe ambaye pesa yako niliitoa bila kukuuliza, ukaenda kulea mtoto wa mzungu kwa ajili yake, na nakuomba ili ndugu yako apate kile ulichokosa wewe. Nikiisoma sentensi hiyo naona haya mpaka masikioni. Tangu Jumapili nimejaribu kukuambia kwa mdomo. Mara tatu nimekuja nikasimama nyuma yako, ukageuka, na mimi nikakuuliza kama umefunga sanduku.

Ukisema hapana utakuwa na haki, na hakuna mtu wa kukulaumu. Niandikie hapana hiyo, neno moja linatosha, usiniache nikingoja kila lori linalotoka Nanyuki. Nataka kuandika hapa kwamba ukikataa nitaelewa. Lakini huo ni uongo mwingine na nimechoka nao. Sitaelewa. Nitalia, na nitamwambia Gathogo arudi shambani, na nitakukasirikia bila haki kwa siku kadhaa. Halafu nitapata pasi nije mpaka Nanyuki kukuona, hata kama itabidi nimwambie hedimani kwamba wewe ni mgonjwa.

Ni mimi, mama yako, ambaye hana cha kukupa asubuhi isipokuwa karatasi hii.